Kama Mungu ameshatusamehe, hukumu ni ya nini?

Swali hili limetoka kwa mama mmoja wa Uyole, Mbeya. Anaandika hivi:

"Bwana asifiwe, mwalimu. Nina jirani ambaye nyumba yake ilifukiwa na tope lililoshuka kutoka Mlima Kawetere kule Itezi, Aprili 2024. Sasa amepanga karibu na kwetu. Mhubiri mmoja kwenye mkutano wa injili alisema ile ilikuwa hukumu ya Mungu juu ya dhambi za mji. Tangu siku hiyo jirani yangu hataki kusikia habari za kanisa. Nauliza mambo matatu. Mungu anahukumu ili apate nini, ikiwa yeye ni upendo? Mimi niliyeokoka, mbona Paulo anasema nitasimama mbele ya kiti cha hukumu, na huku Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu? Na huyu jirani nimwambie nini?"

Bwana asifiwe sana, mama. Swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine mawili, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu.

Tuanze na neno lenyewe, maana sehemu kubwa ya hofu yetu imetokana na kuchanganya hukumu na adhabu. Wanaokwenda mahakamani wanajua tofauti yake. Kwenye kesi ya jinai hakimu husoma hukumu kwanza: nini kimethibitika, nani ana hatia na nani hana. Akiona hatia ipo, mshtakiwa hupewa nafasi ya kuomba apunguziwe, na hapo ndipo adhabu hutajwa. Hukumu ni kusema ukweli kwa mamlaka. Adhabu huja baadaye, na pengine haiji kabisa. Chukua kesi ya ardhi. Mjane wa Mbozi ambaye mashemeji wamemnyang'anya ekari mbili za kahawa anapokwenda Baraza la Ardhi na Nyumba, anaitafuta hukumu, anahesabu siku za kuisikia, na ikiahirishwa anarudi nyumbani analia. Kwake hukumu ni kurudishiwa shamba. Anayeiogopa ni yule aliyekalia shamba la mwenzake.

Agano la Kale linaielewa hukumu hivyo. Kitenzi cha Kiebrania ni shafat, na maana yake ni pana: kuamua kati ya wanaogombana, kutawala, kumpa aliyeonewa haki yake. Ndiyo sababu kitabu cha Debora, Gideoni na Samsoni kinaitwa Waamuzi, ingawa ukikisoma chote utawaona wakiwakomboa watu zaidi ya kuwaona wakisikiliza kesi. Waamuzi 2:16 inasema wazi kwamba Bwana aliwainua waamuzi "waliowaokoa" Israeli. Kuhukumu na kuokoa vimekaa katika sentensi moja. Kiswahili chetu nacho kinalijua hilo: watu wakishikana mashati sokoni Mwanjelwa, atakayeingia kati tunasema amewaamua.

Sasa soma Zaburi 96 kuanzia mstari wa 11. Mbingu zinaambiwa zifurahi, bahari ivume, mashamba yashangilie, miti yote ya mwituni iimbe kwa furaha. Kwa sababu gani? Mstari wa 13: "kwa maana anakuja, kwa maana anakuja aihukumu nchi." Mwimbaji anarudia mara mbili kama mtu asiyeweza kuficha furaha. Mahubiri yetu mengi kuhusu hukumu yangekuwa tofauti kabisa kama zaburi hii ingesomwa kwanza, kabla ya Ufunuo.

Naye Bwana Yesu alipotaka kufundisha kuomba bila kukata tamaa, alichukua mfano wa mjane na kadhi dhalimu (Luka 18:1-8). Ombi lote la mama yule ni sentensi moja: "Nipatie haki na adui wangu." Yesu hakumkemea kwamba hana roho ya upendo. Alisema Mungu atawapatia haki wateule wake wanaomlilia mchana na usiku. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa swali lako, Mungu anahukumu ili apate nini, ni kwamba yeye mwenyewe hapungukiwi na kitu cha kujazwa na hukumu. Anayepata ni aliyedhulumiwa, na dunia iliyoharibiwa. Upendo unaomwona mtoto anaonewa ukakaa kimya hauna faida kwa mtoto yule.

Lakini najua swali lako lina upande mwingine. Wewe huulizi tu kuhusu waovu wakubwa. Unauliza kuhusu fimbo inayokupata wewe na jirani yako. Hapo nakuomba ufungue Isaya 28:23-29, mistari saba ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa, na ambayo mkulima wa nyanda hizi ataielewa haraka kuliko msomi wa mjini.

Isaya alikuwa amemaliza kutangaza maangamizi juu ya viongozi walevi wa Samaria na wenye dharau wa Yerusalemu. Waashuri walikuwa njiani. Samaria ilianguka mwaka 722 KK. Katikati ya maneno hayo makali anageuka kuzungumzia kilimo. Anauliza: mtu anayelima ili apande, je, hulima tu siku zote? Hufika mahali akaacha jembe, akasawazisha udongo, akatia mbegu, kila moja mahali pake. Kisha anakwenda kwenye kupura. Mbegu ndogo kama habasoda na jira hazipurwi kwa chombo kizito wala hazipitishiwi gurudumu la gari, hupigwa kwa fimbo. Nafaka ya mkate hupondwa, lakini si daima, maana mkulima anataka unga, hataki vumbi. Na mstari wa mwisho unasema maarifa hayo mkulima kayapata kwa Bwana wa majeshi.

Angalia tunavyofanya sisi. Maharage hung'olewa, hukaushwa, hutandazwa kwenye turubai na kupigwa kwa fimbo nyepesi. Ukizidisha nguvu, au yakiwa yamekauka kupita kiasi, yanapasuka. Na harage lililopasuka halioti, na sokoni bei yake inashuka. Ulezi unahitaji kipigo kingine, tena wengine huutia kwenye kinu. Mahindi ya gunia arobaini huitiwa mashine ya kupukuchulia. Ukiyapitisha maharage kwenye mashine iliyotegwa kwa mahindi utatoka na chenga. Mkulima hachagui kifaa kwa sababu ya hasira. Anachagua kwa kuijua punje anayotaka kuitoa salama kwenye ganda lake.

Hilo ndilo kusudi la hukumu za Mungu ndani ya historia, kama Isaya anavyolifundisha: kulima kuna mwisho kwa sababu kuna kupanda, na kupura kuna kipimo kwa sababu kuna chakula kinachotafutwa. Kipigo kisichokoma hakina mavuno. Na mambo matatu katika mfano huu hayatakiwi kuachana: lengo, kipimo na muda. Anayehubiri kipigo akasahau lengo amemfanya Mungu kuwa mkatili. Anayehubiri lengo akakataa kwamba kuna kipigo chochote, huyo hajasoma kitabu.

Biblia ya Kiswahili ya Union Version ina neno zuri sana hapa, na vijana wengi hawalielewi tena. Waebrania 12:6: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Ufunuo 3:19: "Wote niwapendao mimi nawakemea, na kuwarudi." Kumrudi mtu ni kumwadabisha, kumwonya kwa kumkanya au kwa adhabu ili ashike njia. Wazee bado husema mtoto huyu hana wa kumrudi. Lakini kurudi pia ni kugeuka na kuja ulikotoka. Kiswahili kimeyaweka mambo haya mawili katika kitenzi kimoja: Mungu anamrudi mtu ili mtu amrudie Mungu.

Sasa nenda Amosi sura ya 4 ukiwa na maana hizo mbili kichwani. Kuanzia mstari wa 6 hadi wa 11 nabii anaorodhesha mapigo: njaa, mvua kunyesha mji mmoja na kukosa mwingine, ukavu, koga na nzige, tauni na upanga, maangamizi kama ya Sodoma. Baada ya kila pigo kuna kiitikio kilekile, na kiitikio hicho kinatokea mara 5: "lakini hamkunirudia mimi, asema Bwana." Hii ndiyo huzuni ya kitabu. Mungu anazungumza kama baba ambaye kila alichofanya kilikusudiwa mtoto arudi, na mtoto hakurudi. Mapigo yote yaliyotajwa yalikuwa na mlango nyuma yake.

Mlango huo unaonekana kila mahali ukishajua kuutafuta. Ezekieli 33:11, Mungu anaapa kwamba hafurahii kufa kwake mwovu, bali aiache njia yake mbaya, akaishi. Yeremia 18:7-8, taifa lililotamkiwa kung'olewa likigeuka, Mungu naye anaghairi. Ninawi ilipewa siku 40, watu wakatubu, mji ukabaki. Ulipoangushwa mwaka 612 KK ulikuwa umerudia damu ileile, na huo ndio ujumbe wa Nahumu. Yerusalemu iliteketezwa mwaka 586 KK, lakini Yeremia alikuwa ameshaandika barua kwa watu wa uhamishoni kwamba miaka 70 ikitimia watarudishwa, na wakati huo wajenge nyumba na kupanda bustani huko Babeli. Hukumu ile ilitangazwa ikiwa na tarehe ya kwisha. Maombolezo 3:33, kitabu kilichoandikwa magofu yakiwa bado machoni, kinasema moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu wala kuwahuzunisha. Na Isaya 26:9 inataja kusudi kwa maneno machache: hukumu zako zikiwapo duniani, watu "hujifunza haki."

Nisiishie hapo, maana nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya kwa kukupa nusu. Maandiko hayasemi kila hukumu itamgeuza anayehukumiwa. Kuna hukumu ya mwisho, na hiyo haijaribu tena kumshawishi mtu. Kusudi lake ni mambo mawili: kuyaweka yote wazi (1 Wakorintho 4:5, atayamulikisha yaliyositirika ya giza), na kuukomesha uovu usiendelee kula viumbe vya Mungu. Ufunuo 21 haiwezi kuja, machozi hayawezi kufutwa, kama wanaowaliza wenzao bado wana nguvu zao. Hata hiyo hukumu Biblia mara nyingi huieleza kama Mungu kumwachia mtu alichokichagua. Warumi 1 inasema mara 3, katika mistari ya 24, 26 na 28, kwamba Mungu "aliwaacha." Yohana 3:19: "Na hii ndiyo hukumu, ya kuwa nuru imekuja ulimwenguni, na watu wakapenda giza kuliko nuru." Taa imewashwa, mtu akaifumbia macho. Hilo linatisha kuliko radi.

Kwa nini basi haiji upesi? Wakulima wa mpunga wa Usangu na Kyela wanaujua mpunga mwitu. Ukiwa mchanga huwezi kuutofautisha na mpunga wako. Unasubiri hadi utoe masuke. Magugu ya Mathayo 13 ni ya jamaa hiyo, yalifanana na ngano mpaka ngano ilipozaa. Watumwa walitaka wakayang'oe siku hiyohiyo. Mwenye shamba akakataa akitaja sababu ya kilimo tupu: msije mkang'oa na ngano pamoja nayo. Kuchelewa kwa hukumu ni kwa ajili ya ngano. 2 Petro 3:9 inasema hivyohivyo bila mfano: anavumilia kwa kuwa hapendi mtu yeyote apotee.

Kuhusu namna hukumu ya mwisho itakavyokuwa, utasikia tofauti kati ya makanisa yaliyopo hapo Mbeya, na ni vizuri uzijue ili usishtuke. Wakatoliki hufundisha hukumu mbili, ya kila mtu mara anapokufa na ya wote siku ya mwisho, na toharani kwa wanaohitaji kutakaswa. Walutheri hushika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 17: Kristo atarudi, atawapa waamini uzima wa milele na waovu adhabu isiyokwisha. Waadventista hufundisha hukumu ya upelelezi mbinguni tangu mwaka 1844, na kwamba mwishowe waovu wataangamia wasiwepo tena. Wapentekoste wengi hutenga kiti cha hukumu cha Kristo kwa waliookoka na kiti kikubwa cheupe cha Ufunuo 20 kwa wengine. Wote hawa wanakubaliana kwamba mwamuzi ni Yesu mwenyewe (Yohana 5:22), na hilo ndilo zito kuliko zote. Atakayekuhukumu ni yule aliyekufa kwa ajili yako.

Hapa ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Warumi 8:1 inasema hakuna "hukumu ya adhabu" juu yao walio katika Kristo Yesu. Watafsiri waliongeza "ya adhabu" kwa kuwa Paulo alitumia neno la Kigiriki katakrima, yaani hukumu ya kumtia mtu hatiani. Hilo limeondolewa kwako, mama, limekwisha, lilibebwa msalabani. Katika 2 Wakorintho 5:10 Paulo anasema jambo jingine: "imetupasa sisi sote kudhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo." Neno la kukazia ni kudhihirishwa. Kuwekwa wazi.

Na Wakorintho walielewa picha hiyo kuliko sisi. Kiti cha hukumu kwa Kigiriki ni bema, jukwaa la mawe lililokuwa katikati ya soko la Korintho. Magofu yake yapo hadi leo. Paulo mwenyewe aliwahi kusimamishwa mbele yake. Matendo 18:12-17 inasimulia: wakati Galio alipokuwa liwali wa Akaya, yapata mwaka 51 au 52 BK, washtaki walimkokota Paulo mpaka kwenye bema. Alipotaka tu kufungua kinywa ajitetee, Galio akaitupa kesi na kuwafukuza washtaki. Mtu huyo ndiye anayewaandikia watu wa mji huohuo kwamba sote tutadhihirishwa mbele ya bema ya Kristo. Kwake pale palikuwa mahali ambapo mashtaka ya uongo yalikufa.

Je, yatakayodhihirishwa ni mazuri tu? Hapana. 1 Wakorintho 3:12-15 inataja vifaa 6 vya kujengea: dhahabu, fedha, mawe ya thamani, miti, majani, manyasi. Moto utaijaribu kazi ya kila mtu. Kazi ikiteketea, mwenyewe "ataokolewa," lakini ni kama mtu aliyepita motoni. Wachimbaji wa Chunya wanajua kwamba zebaki ikishaikusanya dhahabu, moto ndio unaozitenganisha. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Moto hauna ugomvi na dhahabu. Utumishi uliofanywa kwa kutafuta sifa, sadaka iliyotolewa ili watu waone, maneno matamu yaliyoficha chuki: hayo yatapaa. Hasara yake ni ya kweli na Paulo haifichi, ila ni hasara ya kazi, haimpotezi mtendaji.

Tena kuna njia ya kutangulia. 1 Wakorintho 11:31-32 inasema kama tungejipambanua nafsi zetu tusingehukumiwa, ila tukihukumiwa, "twarudiwa na Bwana, isije ikatupasa adhabu pamoja na dunia." Unaliona neno letu limerudi. Kwa vitendo, kujipambanua hufanyika hivi: chagua jioni moja kabla ya Meza ya Bwana, taja dhambi kwa jina lake na jina la uliyemkosea, usiseme "nisamehe yote" kwa jumla, kama kuna deni au mpaka wa shamba uliosogezwa, panga siku ya kwenda kwa mhusika na uende, kisha lishike neno la msamaha na usilifufue jambo lile tena. Watu wengi hukwama kwenye hatua ya tatu. Wanalia sana kanisani, shamba la mwenzao wamelikalia.

Wamoraviani, tangu walipofika Rungwe mwaka 1891, wamekuwa na desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, ibada iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Watu husimama kati ya makaburi ya ndugu zao na kukiri imani kwamba Kristo amefufuka na kwamba yeye ndiye anayengojewa na hawa waliolala. Hivyo ndivyo Mkristo anavyomngojea mwamuzi wake: kwa kuimba, na jua linachomoza.

Swali ambalo hukuuliza lakini nalisikia mara kwa mara ni la mababu waliokufa kabla ya 1891, waliomwita Mungu Kyala au Nguluvi na hawakuwahi kulisikia jina la Yesu. Warumi 2:12-16 na Luka 12:47-48 zinafundisha kwamba kila mtu atahukumiwa kwa kadiri ya alichopewa kukijua. Zaidi ya hapo tunasimama na Ibrahimu katika Mwanzo 18:25: "Je! Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Jibu la swali lile ni kwamba atatenda.

Kabla sijafika kwa jirani yako, niseme kinachotokea watu wasipoamini kwamba Mungu atahukumu. Wanahukumu wenyewe. Zamani huku kwetu mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa mwavi. Akitapika hana hatia, asipotapika amehukumiwa, na mara nyingi amekufa. Siku hizi kijiji kinachanga fedha kuwaita lambalamba waje kufichua wachawi, na bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni anafukuzwa kwake. Mwizi wa kuku anachomwa moto na wananchi wenye hasira. Paulo anaandika: "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu" (Warumi 12:19). Ipisheni, yaani iacheni ipite, msiizibie njia. Anayeamini kweli kwamba kuna mwamuzi anayeona gizani hana haja ya kubeba kiberiti. Mafundisho ya hukumu yakifundishwa vizuri huwalinda vikongwe wetu. Yakifundishwa vibaya huwapa watu mawe mkononi.

Sasa jirani yako. Mhubiri yule alikosea, na nitakuonyesha alipokosea ili usimjibu kwa hisia tu. Ni kweli Biblia inayaita baadhi ya maafa hukumu: gharika, Sodoma, mwaka 586 KK. Lakini katika hayo Mungu alisema mwenyewe, tena kabla. Amosi 3:7 inasema hatafanya neno bila kuwafunulia manabii siri yake. Onyo hutangulia, shtaka hutajwa, mhusika hujulikana, na mlango wa toba huwa wazi. Nathani alimwendea Daudi uso kwa uso akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Anayesubiri tope limwagike ndipo apande jukwaani kutaja sababu hana hata kimoja kati ya vitu hivyo. Udongo ulikuwa umeshiba maji kwenye mteremko mkali na ukaporomoka. Ulizifukia nyumba zilizokuwa chini yake. Maafa yale yalifuata mteremko, hayakufuata dhambi. Ndani ya tope lile zilikuwamo nyumba za waombaji, na wala rushwa waliokuwa wakiishi tambarare walilala salama.

Kuna kipimo kingine: machozi. Yesu alipoutabiri uharibifu wa Yerusalemu, aliulilia mji (Luka 19:41). Mtu anayetangaza hukumu macho makavu hajatumwa.

Nao rafiki za Ayubu walikuwa na mafundisho safi kabisa kuhusu Mungu kuwaadhibu waovu. Mungu akawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa (Ayubu 42:7), kwa sababu waliyapachika kwa mtu asiyehusika. Kitu pekee walichofanya vema ni kukaa naye chini siku 7 bila kusema neno.

Kwa hiyo, mama, usimpelekee andiko kwanza. Mpelekee unga, au mchana mmoja wa kumsaidia kazi, na ukubali akuambie yote aliyopoteza hata kama ameshakuambia. Siku atakapouliza mwenyewe kama Mungu alimpiga, ndipo ufungue Luka 13. Watu walimletea Yesu habari za maafa wakitaka atoe sababu, naye akawatajia wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? "Nawaambia, Sivyo." Mwache alisikie hilo kutoka kinywani mwa Bwana.

Na msiishie mstari wa 5, ambapo wahubiri wengi hufunga kitabu. Someni hadi wa 9. Mtini umekaa miaka 3 bila tunda, mwenye shamba anataka ukatwe, na mtunzaji anaomba uachwe mwaka huu pia, aupalilie na kuutilia samadi. Mfano unaishia hapo, mti ungali umesimama na jembe liko chini yake.